Talaka Ikiwa Njiani na Paa Bado ni Moja



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo hatupendi kulitaja mbele ya kanisa. Juu ya harusi tunafundisha sana. Juu ya ubaya wa talaka pia tunafundisha. Lakini kuna wakati ulio katikati, ambao mimi sijasikia mahubiri yake. Ni wakati ambapo mume na mke wamekwisha kufikishana kwa wazee, pengine hata mahakamani, kila mmoja anajua kwamba safari yao inaelekea kuachana, lakini bado wanaishi nyumba moja. Wanakula mgao mmoja. Wanalala wakitenganishwa na pazia, au na ukuta wa matofali ya udongo ambao hauzuii hata sauti ya kukohoa.

Swali langu ni hili: katika siku hizo, mtu anadaiwa nini na mwenzake? Je, ndoa ikiwa inakufa, na wajibu wote umekufa?

Nasema mapema kwamba sikuandika habari za nyumba fulani. Nyumba za namna hii ni nyingi, za Wakongo tuliokuwa hapa tangu 1996 na za Warundi waliokuja kuanzia 2015. Usiinue kichwa kumtazama jirani yako.

KWA NINI HAWATOKI?

Watu wa mbali husema kwa wepesi: kama hamtakiani mema, mmoja aondoke. Anayesema hivyo hajaishi kambini.

Kule Fizi au Uvira, mwanamke aliyeshindwana na mumewe alirudi kwa wazazi wake. Wazee wa pande mbili walikaa, mahari ikazungumzwa, na kwa muda huo alikuwa na mkeka wa kulalia kwa mama yake. Hapa baba mkwe yuko Kongo, au amezikwa, au amepelekwa nchi ya tatu. Nyumba ni ile mliyopangiwa. Jina la mke na la mume yako kwenye kadi moja ya chakula, na unga, maharage, mafuta na chumvi hupimwa kwa hesabu ya watu wa kadi hiyo. Mwaka 2023 mgao ulipopunguzwa hadi nusu, hata nyumba zenye amani zilitikisika. Kupanga chumba kijiji cha nje hairuhusiwi, kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila kibali.

Tena kuna faili. Wengi walifanyiwa mahojiano ya kwenda Marekani wakiwa familia moja, na waliogopa kwamba wakisema wanaachana, faili itasimama. Kisha mwezi wa Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wapo waliovumiliana miaka kwa ajili ya ndege, na ndege haikuja. Waliobaki nacho ni kile walichokuwa wakikikimbia: nyumba moja na mtu asiyesemeshana naye.

Kwa hiyo kuishi pamoja katika hali hii si lazima iwe dhambi, wala si lazima iwe dalili kwamba wamepatana. Mara nyingi ni umaskini tu. Tusiwahukumu kwa sababu hiyo.

SHERIA INASEMAJE JUU YA WAKATI HUU?

Wengine wanadhani mkimbizi hana sheria ya ndoa. Si kweli. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 12, unasema hali ya mkimbizi kama mtu, na ndoa imo, huangaliwa kwa sheria ya nchi ya makazi yake, na haki alizopata kwa ndoa yake ya zamani ziheshimiwe. Ibara ya 16 inampa njia ya kufika mahakamani. Hapa basi tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Sheria hiyo haimruhusu mtu kukimbilia kudai talaka. Kwanza shauri lipelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa litoe hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa, isipokuwa pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayozuia. Hata jumuiya ya dini yaweza kuwa na Baraza lake, ikiwa Waziri amelitambua. Kamati ya wazee wa kanisa isiyotambuliwa si Baraza hilo, na barua yetu haivunji ndoa ya mtu. Talaka ya kuandikiana kwenye daftari ya shule, na mashahidi wawili wa jirani, nayo haivunji.

Maana yake ni kwamba mpaka mahakama itoe amri, ndoa ingalipo. Mume bado ana wajibu wa kumtunza mke kwa kadiri ya uwezo wake. Na sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba hakuna mtu, hata kama mila yake inasema vingine, mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Pia haimpi mtu njia ya kwenda mahakamani kumlazimisha mwenzake aishi naye. Tuyashike hayo mawili pamoja: hulazimishwi kukaa, lakini ukikaa huna ruhusa ya kutesa.

Sheria ya nchi inaonyesha mpaka tu. Inaweza kukukataza kupiga, lakini haitakufundisha namna ya kumsalimu asubuhi mtu ambaye ulimshitaki jana. Hapo ndipo neno la Mungu linapotuhusu.

MWENYE HAKI ALIYETAKA KUACHA

Mnajua kwamba katika Injili tuna mwanaume aliyekusudia kumwacha mchumba wake? Ni Yusufu, katika Mathayo sura ya kwanza. Kwa desturi ya Wayahudi uchumba ule ulikuwa na nguvu kama ndoa, na kuuvunja kulihitaji kuacha kabisa. Yusufu aliona Mariamu ana mimba naye hakuwa amemgusa. Kwa akili ya kibinadamu alikuwa na sababu kamili. Malaika alikuwa bado hajamtokea. Na katika hali hiyo Maandiko yanamwita mwenye haki, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha, akapanga kumwacha kwa siri.

Tulifikirie hilo. Haki ya Yusufu ilionekana katika namna aliyotaka kuacha, kabla hajajua kwamba hataacha. Alikuwa ameumia, aliamini ametendewa vibaya, lakini hakutumia uchungu wake kuwa kibali cha kumwangamiza mwingine. Kama angekwenda barabarani kutangaza, malaika angemkuta Mariamu amekwisha kuharibiwa jina.

Hapo naona jibu la swali letu. Ndoa inaweza kufika mwisho, lakini amri ya kumpenda jirani haina mwisho. Siku ambayo mwenzako anaacha kuwa mke wako moyoni, anabaki kuwa jirani yako. Na kati ya majirani wote wa kambi hii, ni nani aliye karibu kuliko mtu anayelala nyuma ya pazia lako? Ukimhurumia mgonjwa wa kijiji kingine, ukapeleka kuni kwa mjane wa zoni ya tatu, na ndani ya nyumba yako kuna mtu unayemficha chumvi, upendo wako una kasoro.

Sasa niseme mambo ambayo jirani huyu anadai kwako.

1. CHAKULA

Kadi ina majina ya wote. Mgao si mshahara wa baba, wala si mali ya mama kwa sababu yeye ndiye aliyepanga foleni. Nimesikia mengi: mwingine anauza mafuta ya watu sita ili anywe pombe, mwingine anapika akiwa amehesabu watu wa nyumba na kumtoa mmoja. Katika Kutoka sura ya 21, sheria ya Musa ilimkataza mwanaume aliyeoa mke mwingine kumpunguzia yule wa kwanza chakula, mavazi na haki yake ya ndoa, hata kama alikuwa mjakazi. Akimnyima hayo, mwanamke alikuwa huru kuondoka bila kulipa chochote. Ikiwa mjakazi wa zamani zile alilindwa sahani yake, sembuse mama wa watoto wako?

Kama kupika pamoja kunaleta vita, pimeni unga siku ya mgao mbele ya mzee mmoja mnayemwamini, kila mmoja achukue fungu lake, na fungu la watoto liende kwa anayewapikia. Ni bora vyungu viwili vyenye amani.

2. MWILI

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa maana ndipo watu wengi wanaumizwa kimya kimya.

Wapo wanaume wanaosema: mahakama bado haijatoa amri, kwa hiyo haki ya unyumba ni yangu, na Paulo amesema hivyo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 7. Ni kweli Paulo anafundisha kwamba mke na mume wasinyimane, ila kwa kupatana. Lakini soma yote. Anachompa mume juu ya mwili wa mke, anampa mke vilevile juu ya mwili wa mume. Hakuna mkubwa hapo. Neno lile ni la watu wawili wanaotoa. Hakuna mahali alipompa mtu ruhusa ya kuchukua. Anayeligeuza kuwa fimbo amekwisha kulivunja.

Mwingine atauliza: na mimi ambaye sikutaka talaka? Mke ndiye aliyefungua shauri, mimi bado nampenda, nina kosa gani? Ndugu yangu, uchungu wako ni wa kweli, nami siudharau. Lakini upendo unaoingia kwa nguvu usiku haujengi nyumba. Unampa yule aliyekuwa na shaka sababu ya mwisho ya kuondoka. Ukimpenda, mlinde hata na tamaa yako.

Na upande wa pili: asiwepo anayeutumia mwili kama mtego, kumvuta mwenzake usiku ili mchana aende kwa wazee kusema, mnaona, tumepatana. Kama mnapatana, patananeni mchana, kwa maneno, mbele ya mashahidi. Kitanda kifuate baadaye.

Tena hairuhusiwi kuleta mtu mwingine. Shauri likiwa bado, ndoa ipo, na kumwingiza mwanamke au mwanaume mwingine katika nyumba hiyo ni uzinzi, hata ukimwita binamu.

3. HESHIMA YA JINA LAKE

Mambo ya ndani uliyoambiwa mkiwa mnapendana ni amana. Ugonjwa wake, hofu zake, yaliyompata njiani wakati wa vita: hayo hukupewa ili siku ya ugomvi uyamwage bombani mbele ya wachota maji. Wapo kina mama kati yetu waliotendewa na watu wenye silaha mambo ambayo hawakumwambia mtu ila mume. Mume anayelitoa neno hilo katika hasira anamrudisha mke wake mikononi mwa wale watu. Sijui kosa kubwa kuliko hilo katika nyumba inayovunjika.

Mbele ya Baraza na mahakama sema kweli yote inayohitajika. Nje ya hapo, mfuate Yusufu.

4. WATOTO

Watoto hawaachani na mtu. Katika nyumba zetu mtoto anasikia kila neno, hata akijifanya amelala. Msiwafanye kuwa matarishi: mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile. Msiwaulize wanampenda nani zaidi. Sheria ya Tanzania inaweka mbele masilahi ya mtoto wakati wa kuamua akae na nani, na kwa mtoto wa chini ya miaka 7 inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, ingawa mahakama yaweza kuona vingine. Kwa hiyo asiwepo anayemtorosha mtoto usiku kwenda kambi nyingine au kumrudisha Burundi au Kongo ili kumkomoa mwenzake.

Mwanzo sura ya 21 inatuonyesha Hajiri akitolewa alfajiri na mtoto wake, na alichopewa ni mkate na kiriba cha maji, naye Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo. Maji yakaisha nyikani. Mungu ndiye aliyesikia sauti ya mtoto. Mungu aliwatunza, lakini hilo halitupi sisi ruhusa ya kuwatoa watu na kiriba kimoja.

5. MALI KIDOGO TULIYO NAYO

Mtasema wakimbizi wana mali gani? Kuna cherehani, baiskeli, kuku, redio, kibanda cha kuuzia sabuni. Watu wamepigana kwa ajili ya turubai. Jueni kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Aliyepika, akafua, akachota maji na kulea watoto wakati mwenzake akisuka biashara, naye amechuma. Msiuze kitu usiku kabla ya shauri kwisha.

Mkumbukeni Ibrahimu na Lutu, Mwanzo sura ya 13. Wachungaji wao waligombana, nchi haikuwatosha. Ibrahimu, aliyekuwa mkubwa, alimwachia mdogo kuchagua kwanza. Waliachana bila damu. Na siku Lutu alipotekwa, Ibrahimu ndiye aliyemfuata na kumwokoa. Kutengana kwa amani kulibakiza mlango wa kusaidiana baadaye.

6. UKWELI MBELE YA MAOFISA

Siku ya uhakiki, msiseme mko vizuri wakati hamko. Najua hofu ya faili. Lakini familia inayobebwa na uongo inaufikisha uongo huo mpaka nchi ya mbali, na huko mama na watoto watakuwa wageni tena, wamefungwa kwa mtu waliyemkimbia. Waelezeni maofisa wa ulinzi hali yenu, muulize juu ya kugawanya kadi. Inachukua muda, na inachosha, lakini ni njia ya nuru. Na asiwepo anayekwenda kumsingizia mwenzake kosa ili jina lake lifutwe.

MAHALI AMBAPO UVUMILIVU UNAKOMA

Yote niliyosema ni kwa nyumba ambayo watu hawapendani lakini hakuna anayemwinda mwenzake. Kama kuna kipigo, panga, vitisho vya kuua, au kulazimishwa usiku, sikuambii vumilia. Ondoka usiku huohuo, nenda kwa mzee wa kanisa aliye karibu, kwa sungusungu, kwa polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa watu wa ustawi wa jamii. Katika sura ileile ya 7, Paulo anasema Mungu ametuita katika amani. Asiwepo mchungaji wala mama wa maombi anayemrudisha mtu penye panga na kuliita jambo hilo imani.

NA KANISA JE?

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Ni neno jema kwa wachochezi, lakini sisi si watu wa nje. Kazi yetu ni hizi: tusigawanyike kuwa kwaya ya baba na kwaya ya mama. Tutunze siri. Tuwasaidie kufika kwenye Baraza linalotambulika, tusiwazungushe katika kamati zetu miaka miwili. Na ikiwezekana familia moja impe mmoja wao mahali pa kulala kwa muda, mwanaume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake, ili wapumue.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, je, wakitendeana mema hivyo, si watarudiana? Inawezekana. Mimi ninaliombea, na Paulo anawashauri waliotengana ama wakae hivyo ama wapatanishwe. Lakini wema huu usiwe chambo. Usimpe maji akiwa na homa ili afute shauri, kisha umnyime akikataa. Mpe maji kwa sababu ana homa. Akirudi, utukufu kwa Mungu. Asiporudi, bado ulifanya lililo haki, na siku ya amri ya mahakama mtatoka mlangoni mkiwa watu wawili ambao wanaweza kukutana kwenye harusi ya mtoto wao bila kuhitaji sungusungu katikati.

Kwa hiyo, wewe ambaye usiku wa leo utalala upande mmoja wa pazia na mwenzako upande wa pili, sikuombi ujifanye unampenda kama siku ya harusi. Nakuomba yale ambayo jirani anayaweza: umwachie chakula chake, umwachie mwili wake, umwachie jina lake, na ukisikia anakohoa sana, uulize kama anahitaji maji.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:
Ni nani katika Biblia aliyetengana na mwenzake bila kumharibu, na alifanyaje?
Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kwa nyumba iliyo katika hali hii bila kueneza habari zake?
Ni wakati gani kumwambia mtu "vumilia" ni kumtenda dhambi?

Bwana awalinde katika nyumba zenu, zilizo na amani na zinazoitafuta. Amina.